Kilele cha Mwezi wa Nane

Kitu cha kwanza Nkwabi Shigela alichokiona baada ya kuchomolewa kizibo kilikuwa tarehe. Ilibandikwa ukutani juu ya mlango, kwa herufi nyekundu kubwa kama viganja, na kwa miaka minne alikuwa amepita chini yake kila siku akiona ukungu mtupu. Sasa ukungu ulikuwa umeondoka. Ishirini na sita Mei. Aliisoma mara tatu, kama mtu anayelitafuta jina lake katika orodha ya waliofaulu, akalipata, akaogopa kulipoteza tena.

Muuguzi alikiweka kizibo kwenye kisahani cha chuma. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama.

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma."

"Kitauma mpaka kesho. Usisome sana."

Kwenye kiti cha pili Tunu Makame, mwanafunzi mwenzake kutoka Unguja, alikuwa anahesabu kwa vidole. Alifika mwisho, akarudia tangu mwanzo.

"Nina miaka ishirini na saba," alisema. "Hebu niambie, nani kaniongezea bila kuniuliza?"

Nkwabi alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku ile.

Kizibo ndicho kilichoipa maabara ya Sikio sifa duniani. Maabara ilikuwa imechimbwa ndani ya mgodi wa dhahabu uliokwisha, mita elfu moja na mia tatu chini ya kijiji cha Igunzilo, na katikati yake lilikaa tangi la maji tani elfu thelathini, limezungukwa na macho ya kioo elfu kumi na moja. Macho yale yalikodolea giza, yakisubiri vimulimuli. Wenye elimu ya ulimwengu walikuwa wameshakubaliana kwamba galaksi yetu imejaa mata giza, chembe zisizoonekana wala kushikika, na kwamba Dunia hupita ndani yake kama mwendesha baiskeli apitavyo ndani ya upepo. Mwezi wa Juni Dunia huukabili upepo huo uso kwa uso. Mwezi wa Desemba huupa kisogo. Kwa hiyo kama mata giza kweli hugonga maji, vimulimuli vitaongezeka kila Juni na kupungua kila Desemba, mwaka baada ya mwaka.

Tatizo lilikuwa watu. Mpe mtafiti kalenda, mwambie anatafuta Juni, naye ataipata Juni hata mahali isipokuwepo. Hatadanganya. Atakifuta tu kimulimuli kimoja cha Desemba kwa sababu kina shaka, na kukiacha cha Juni chenye shaka ileile. Ndiyo maana waliochambua takwimu za Sikio walinyimwa kalenda. Waliishi chini, chini ya taa zilizorefusha na kufupisha siku bila mpango. Walikula chakula kilekile pasipo msimu wa maembe wala wa mahindi mabichi. Hawakupokea barua. Na kizibo nyuma ya sikio kilimeza kila tarehe ambayo jicho au sikio lingeikuta kwa bahati mbaya. Wenyewe waliita hilo kula upofu, na kule Chuo cha Anga wanafunzi walipigana vikumbo kuupata upofu huo. Nkwabi alikuwa amechaguliwa kati ya mia mbili. Nyumba yao ilikuwa pale juu, karibu na lango la mgodi, na siku anashuka mama yake alimshika mkono akamwambia, "Basi utakuwa chini ya miguu yangu tu. Nitakanyaga taratibu."

*

Ukumbini walikuwa kumi na mmoja, wale wote waliokula upofu, na mbele yao alisimama Profesa Rhoida Mbwiga, mwanamke mfupi mwenye nywele zilizokatwa hadi karibu na ngozi. Yeye ndiye aliyelipigania tangi lile miaka kumi na tisa. Kwenye ukuta nyuma yake ulionekana mstari walioujua wote kama wajuavyo mikunjo ya viganja vyao: vilima vinne na mabonde manne. Hawakuwahi kujua vimekaa wapi katika mwaka.

"Mtunzi," Profesa aliiambia mashine iliyokuwa imezifungia tarehe, "fungua."

Majina ya miezi yalijitokeza chini ya mstari, moja baada ya jingine. Kilima cha kwanza kilisimama juu ya Juni. Cha pili, Juni. Cha tatu kilisimama juu ya Agosti. Cha nne, Juni.

Mtu alipiga meza, na wote wakainuka. Tunu alimkumbatia Nkwabi hadi mbavu zikamuuma. Profesa alikuwa amevua miwani na kuishika tu, bila kuifuta.

"Mtunzi anasema uwezekano wa kubahatisha ni mmoja katika milioni tisa," alisema. "Mataifa yenye mashine mara kumi ya hii yametafuta miaka mia. Tumeipata sisi. Hapa."

"Na hicho cha Agosti?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Kelele. Vilima vitatu kati ya vinne, na jumla yake inasimama imara. Kesho saa sita mchana tunatia saini, majina kumi na moja. Wiki ijayo serikali itatangaza ujenzi wa Sikio Kuu, tangi mara kumi ya hili." Alimtazama Nkwabi akatabasamu. "Nkwabi, kwenu kutakuwa katikati ya dunia."

Mlangoni kila mmoja alikabidhiwa sanduku lake. Ndani yake zilikuwemo barua za miaka minne.

*

Za Nkwabi zilikuwa ishirini na tatu, zote za dada yake Minza, zote zikiwa na tarehe kwenye kona kwa sababu Minza alikuwa mwalimu wa darasa la pili na hakuwahi kuandika kitu bila tarehe. Alikaa kitandani akazipanga kwa utaratibu. Aliisoma ya kwanza akitafuna karanga.

*Kaka Nkwabi, shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu. Kuna jambo la ajabu, kisima kimekauka tarehe saba Juni na masika yamekwisha juzi tu. Haijawahi kutokea. Watu wanasema ni mizimu ya mgodi. Mimi nasema ni pampu yenu, ile waliyoifunga langoni ulipoondoka. Inanguruma mchana kutwa.*

Aliacha kutafuna.

Alijua kwamba tangi hubadilishiwa theluthi ya maji kila mwaka. Hakujua lini. Chumba cha kuendeshea pampu kilikuwa ngazi tatu juu ya mabweni, na mlangoni kilikuwa na kibao: WALIOKULA UPOFU HAWARUHUSIWI. Sababu yake ilijulikana na iliheshimiwa. Mle ndani palikuwa na daftari la pampu, na daftari la pampu lina tarehe.

Mwaka wa pili, barua ya tarehe tano Julai. Mwandiko ulikuwa uleule ulionyooka, lakini kalamu ilikuwa imetoboa karatasi mahali pawili.

*Kaka, kisima kilikauka tena tarehe tisa Juni. Tukaanza kuchota lamboni, na ng'ombe wanaingia humohumo. Mama alishikwa na kuhara tarehe ishirini na saba. Tarehe ishirini na tisa tulimzika. Nilikwenda langoni nikawaomba wakuite. Walinijibu kwa heshima sana. Walisema ukiambiwa utajua ni mwezi gani.*

Aliisoma tena sentensi ya mwisho. Karanga zilikuwa zimemwagika sakafuni na hakukumbuka kuzimwaga. Mama yake alikuwa na miaka mitatu kaburini, kasoro mwezi mmoja, na kwa miaka hiyo yote yeye alikuwa chini ya miguu yake akihesabu vimulimuli, akijitungia mashairi ya kumsomea siku atakayopanda juu.

Angeweza kuishia hapo. Ulikuwa mkono wake uliofungua ya mwaka wa tatu, si akili yake.

*Mwaka huu Mungu ametukumbuka. Pampu yao imeungua. Juni yote tumechota, Julai yote tumechota, nimefua mapazia. Waliitengeneza wakaiwasha tarehe kumi na moja Agosti. Tarehe kumi na tano kisima kikawa tope.*

Nkwabi alisimama. Alibaki amesimama katikati ya chumba, barua mkononi, na mbele ya macho yake akauona mstari ukutani na kilima chake cha tatu, kile kilichoitwa kelele, kimekaa juu ya Agosti.

*

"Soma," alimwambia Tunu. Alimkuta jikoni anachezea ukoko wa wali, macho mekundu. Sanduku lake nalo lilikuwa na habari zake.

Tunu alisoma zote tatu. Alipofika ya Agosti, midomo yake ilianza kuhesabu bila sauti.

"Yallah," alisema taratibu. "Radoni."

"Radoni."

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alijifunza habari za radoni, gesi inayozaliwa ndani ya mwamba na kuleta vimulimuli vinavyofanana kabisa na vile wanavyovitafuta. Mwamba ulioloa huishika. Mwamba mkavu hufunguka nyufa na kuiachia.

"Wanavuta maji baada ya masika kwa sababu ndipo yapo mengi," alisema Nkwabi. "Mwamba unakauka. Gesi inapenya kwenye tangi. Sisi tunaona kilima. Tumekaa miaka minne, watu kumi na mmoja wenye shahada, tukipima kiu ya mama yangu, tukaiita upepo wa ulimwengu."

"Mbona hakuna aliyelinganisha na pampu?"

"Nani alinganishe? Wenye kuuelewa mstari walikatazwa daftari. Wenye daftari ni mafundi, hawajui mstari ni nini. Tulijifunga macho vizuri sana, Tunu. Tukajifunga hadi pua."

Tunu aliirudisha barua kwenye bahasha yake kwa uangalifu.

"Pole kwa mama," alisema. "Na mimi nitakwambia kweli, mwenzangu. Nimelia tangu asubuhi kwa sababu mchumba wangu kaoa. Nikajisemea, sawa, angalau nimepata mata giza. Sasa wataka kunichukulia na hilo?"

Hakuwa anatania. Nkwabi alizikusanya barua, akatoka.

*

Profesa Mbwiga alikuwa ofisini akiandika hotuba. Nkwabi hakuketi.

"Profesa, mwamba ukikauka hufanya nini?"

Alikuwa amewafundisha hayo mwenyewe, siku ya kwanza, kwa sentensi mbili alizowalazimisha kuzikariri. Aliweka kalamu chini.

"Hupumua."

"Hupumua nini?"

"Nkwabi, huu si mtihani."

"Ni mtihani." Alizipanga barua mezani, kona zenye tarehe zikiwa mbele, juu ya hotuba.

Alizisoma bila haraka. Uso wake haukubadilika hadi ile ya tatu, na hapo palikuwa na kitu kidogo tu: aliyarudisha macho kwenye tarehe, akaigusa kwa kidole kama anayehakiki kama wino umekauka.

"Barua tatu za mwalimu wa shule ya msingi," alisema hatimaye.

"Ambazo zimekieleza kilima cha Agosti. Wewe umeshindwa."

"Angalia ulimi wako."

"Nimeuangalia miaka minne."

Profesa aliinuka, akafunga mlango.

"Unajua walichoniambia nilipoomba tangi hili? Mkutanoni, mbele ya watu sitini. Waliniambia watu wenu hawana maji ya kunywa, nawe unataka tani elfu thelathini za kutazama."

"Walisema kweli, Profesa."

Kama angempiga kofi lisingekuwa na mshindo zaidi. Profesa alishika mgongo wa kiti.

"Mimi nilikula upofu miaka sita, katika tangi la kwanza, lile dogo," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu alizikwa nikiwa ndani. Niliambiwa siku kama ya leo, kwa sanduku kama lako. Sikulia. Nilikwenda nikatia saini. Kwa sababu kazi ile ikianguka, hakuna atakayetupa nyingine. Watasema tulijaribu, tukashindwa kutofautisha nyota na bomba. Watasema hivyo miaka hamsini. Wewe unataka kuwapa hayo?"

"Nataka kuwapa ukweli. Si ndiyo kazi uliyonifundisha? Au tuliyavumilia haya yote ili tuseme uongo tukiwa na ushahidi kwamba hatukukusudia?"

"Ukikataa kutia saini, kanuni unaijua. Anayepinga hurudishiwa kizibo, mwaka mzima, mpaka athibitishe pingamizi lake."

Aliijua. Na katika barua ya mwisho, ya wiki mbili nyuma, Minza alikuwa ameandika kwamba watu wenye ramani wamekuja kupima Igunzilo kwa ajili ya tangi jipya, na kila ukoo unatakiwa kujibu kama utahama kabla ya Juni kwisha. *Wewe ndiye mkubwa. Wakikukosa wataandika kwamba tumekubali.* Akitia saini, Sikio Kuu litajengwa na kijiji kitaondoka. Akikataa, atazibwa akili, na kijiji kitaondoka yeye akiwa anaangalia ukungu.

"Hicho kizibo," alisema, "mtakiingiza nikiwa maiti."

*

Kesho yake saa sita mchana karatasi ilizunguka meza. Majina tisa yalitiwa. Ilipofika kwa Nkwabi hakuandika jina. Aliandika tarehe nne: saba Juni, tisa Juni, kumi na tano Agosti, na nane Juni ya mwaka jana, aliyoikuta katika barua ya mwaka wa nne. Mkono wake uliandika polepole, kila tarakimu peke yake. Katika karatasi zote zilizowahi kupita juu ya meza ile, hakuna hata moja iliyokuwa na tarehe ya mkono wa mtu.

"Hizo ni siku kisima cha Igunzilo kilipokauka," alisema akiwa amesimama. "Zilinganisheni na ukuta."

Walilinganisha. Hakuna aliyehitaji msaada wa Mtunzi.

"Miaka minne ni michache," mmoja alisema. "Yaweza kuwa sadfa."

"Yaweza. Basi tuipime. Pampu inawashwa tarehe mosi, siku tano zijazo. Isiwashwe. Upepo wa ulimwengu hauhitaji pampu, au vipi? Mstari ukipanda Juni bila pampu, nitasaini hapa mbele yenu, na kizibo nirudishieni miaka kumi. Usipopanda, mtazisoma barua za dada yangu kwa sauti, mbele ya hao watu wa serikali, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Na ya pili ataisoma yeye aliyemjibu dada yangu kwa heshima pale langoni."

Alimsogezea Tunu karatasi.

"Maji yasipobadilishwa tangi litachafuka," alisema mwingine. "Tutapoteza takwimu za mwaka mzima."

"Mimi nimepoteza mama."

Karatasi ilikuwa mbele ya Tunu sasa. Yake ndiyo saini iliyokuwa imebaki. Aliichukua kalamu, akaigeuzageuza, akamtazama Nkwabi kwa jicho la mtu anayenyang'anywa kitu cha pili ndani ya siku mbili.

"Wallahi nakuchukia," alisema, akaifunika kalamu, akaiweka juu ya karatasi bila kuandika.

Wote waligeuka kumtazama Profesa. Angeweza kuamuru. Alikuwa na sauti hiyo, na nusu ya meza ilikuwa inamngoja aitumie. Alikuwa anauangalia mstari, kilima cha tatu, na Nkwabi aliona kwamba hakuwa akikiangalia kwa mara ya kwanza. Mtu aliyetoa miaka sita ya macho yake ili asijidanganye alikuwa amewekewa mezani jaribio jeupe, la kuzima swichi moja tu. Kulikataa ilikuwa sawa na kusema miaka ile sita nayo haikuwa na maana, pamoja na kaburi lililokuwa ndani yake.

Alitoa ufunguo wa chumba cha pampu katika mkufu shingoni, akausukuma juu ya meza mpaka ukafika kwa Nkwabi.

"Ukikosea," alisema, "hutakanyaga chuo chochote katika nchi hii. Nitahakikisha mwenyewe."

"Na nisipokosea?"

Profesa aliugeukia ukuta.

*

Tarehe thelathini Juni, asubuhi, Nkwabi alikuwa kisimani. Siku ya kwanza Minza alimpokea kwa kumwonyesha kaburi, kisha jembe, na hakumwambia mengi zaidi. Alipolima ndipo alipoanza kumpa chakula. Watu wa ramani walikuwa wamekuja mara mbili, na mara zote mbili walimkuta yeye mlangoni, wakaondoka na ramani zao zikiwa zimekunjwa.

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kamba. Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Tunu, aliyebaki chini kuwasomea wengine vimulimuli, safari hii mchana kweupe, kalenda ikiwa mezani.

*Mwezi umekwisha,* aliandika. *Mstari umelala kama sakafu. Hakuna kitu. Profesa kakaa mbele ya ukuta tangu alfajiri. Kaniomba nakala ya zile barua.*

Aliisoma huku kamba imemkaza kiganjani. Alikuwa ameingoja habari hii siku thelathini, akidhani itakapofika hasira itamtoka. Haikumtoka. Ilikaa palepale ilipokaa tangu siku ya sanduku, ila sasa ilikuwa na nafasi ya kutosha, kama mgeni aliyeamua kuhamia. Miaka minne ya ujana wake, miaka kumi na tisa ya Profesa, macho elfu kumi na moja ya kioo, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kona za barua, langoni, ndani ya sanduku lililofungwa kwa heshima.

"Nini?" aliuliza Minza. Alikuwa amekwishaweka ndoo ya pili chini, anangoja.

"Hakuna kitu."

"Chini?"

"Chini. Hawajaona kitu."

Minza alichungulia kisimani. Kule ndani maji yalimeta karibu kuliko Juni yoyote tangu kaka yake aondoke.

"Basi vuta kamba," alisema. "Hii imejaa."